Moto Usiotoa Mwanga

Fundi Nikodemo wa Bungu huenda ndiye mtu pekee katika milima yote ya Usambara aliyeipenda baridi ya Lushoto. Wengine waliilaani. Walijizongomeza mablanketi, wakakohoa, wakaapa kwamba mwakani wangehamia Mombo kwenye joto na mbu, na mwakani ikifika walikuwa bado wapo, wanakohoa vilevile. Nikodemo yeye alingoja Juni kama watoto wangojavyo Krismasi. Ukungu ukianza kushuka kutoka msitu wa Magamba, uso wake ulichangamka.

Sababu yake ilikuwa gundi. Alikuwa seremala katika karakana ya samani iliyokuwa juu kidogo ya mji, kibanda kirefu cha mbao kilichojengwa kwenye kivuli cha mlima, mahali ambapo jua lilipita kwa kuaga tu. Mwenye karakana alikuwa Mwingereza aitwaye Harrop, na watu wakamwita Bwana Harupi. Miaka ile ya hamsini gundi yenyewe ilikuwa ya ngozi: inapikwa nje, inapakwa ikiwa ya moto. Miezi ya baridi iliganda kwenye brashi kabla haijafika kwenye mbao. Vanishi nayo ilifanya utando mweupe. Kuwasha moto ndani kulikatazwa kabisa, kwa kuwa karakana ya kwanza iliteketea yote kwa ajili ya jiko moja la mkaa na rundo la maranda. Basi kila mwaka, mwisho wa Juni, Bwana Harupi alifunga mlango huku akinung'unika, na hakuufungua mpaka Agosti imekwisha.

Mafundi waliiita likizo ya baridi. Haikuwa na malipo, lakini ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Siku nyingine zote Nikodemo alikuwa mtu wa mkataba, na mkataba wa wakati ule haukuwa mchezo: ukiondoka bila ruhusa, askari anakufuata hadi kwenu, unapelekwa bomani, na ukitoka huko unarudi kwenye randa ileile. Ila baridi ikija, Nikodemo alishika njia ya Soni na Bumbuli kwa miguu, akaenda kwao Bungu, akalala na mkewe Yudith nyumba moja, akala bada, ugali wa muhogo, kwa maharage, akawa mtu.

Mwaka ninaousimulia, likizo hiyo ilikuwa na uzito kuliko zote. Kwenye soko la Soni mchuuzi mmoja wa kabichi alimletea maneno ya baba yake, mzee Abrahamu: "Mwambie mwanangu mwaka huu nitamtembeza."

Kutembezwa ni jambo kubwa. Shamba la mzee Abrahamu lilikuwa bondeni, limezungukwa na mashamba ya wengine, na mpaka wake ulikuwa masale, ile miti ya majani marefu inayopandwa kuonyesha hapa changu hapa chako. Sale lina ubaya mmoja: ukikata kijiti ukakichomeka popote, kinaota. Kwa hiyo mpaka hauaminiwi kwa kuuona tu. Baba humchukua mrithi wake baada ya mavuno, miteremko ikiwa wazi, wakatembea sale kwa sale, na kwa kila moja mwana hulishika kwa mkono mbele ya majirani. "Mpaka haurithiwi kwa sikio," mzee Abrahamu alizoea kusema, "unarithiwa kwa mguu." Siku baba asipokuwapo tena, majirani humwambia mrithi, haya, tutembeze. Akijua, shamba ni lake. Asipojua, anayejua ndiye atakayesema.

Na jirani yao Kornelio alikuwa mtu wa kujua sana.

Miaka yote Nikodemo aliomba atembezwe, na miaka yote mzee alimfukuza kama kuku. "Unataka kunizika ningali natafuna mahindi ya kuchoma?" Kumwonyesha mtu mipaka ni kukubali kwamba safari yako imekaribia mwisho, na mzee Abrahamu hakuwa mtu wa kukubali upesi. Sasa macho yalikuwa yamepungua, magoti yanalia, na mwenyewe ndiye aliyeita. Nikodemo alisikia maneno yale akakaa chini kwenye gunia la viazi. Alikuwa na furaha na hofu pamoja.

Ndipo hita zikaja.

Bwana Harupi alikuwa ameweka mashine ya umeme kwenye kijito nyuma ya nyumba yake, inazungushwa na maji. Taa za nyumbani zilipokwisha kula, ulibaki umeme kidogo, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye karakana inayolala miezi miwili. Akaagiza hita mbili kutoka Tanga kwa majaribio. Umeme ungetosha moja tu, nyingine irudishwe dukani. Siku hita zilipofika, yeye alikuwa na safari ya Arusha.

"Nikodemo," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata, "mimi nakwenda. Wewe nafanya kazi ndani hapa, wewe najua baridi. Jaribu yote mbili. Ile nzuri, funga ukutani. Ile mbaya, rudisha kwa sanduku."

Nikodemo akaitika ndiyo Bwana, na kabla gari halijapinda kona ya kwanza alikuwa ameshaamua: atachagua ile mbaya. Hita mbovu ikishindwa na baridi, gundi itaganda, mlango utafungwa, naye atakwenda kutembezwa. Mtu mwaminifu maisha yake yote, mara moja tu akaona mlango wa wizi, na akauingia kifua mbele.

Hita ya kwanza ilikuwa sahani ya shaba iliyong'arishwa, katikati ina waya uliozungushwa. Ilipounganishwa, waya ukawaka mwekundu, sahani yote ikawa kama jua la kuchwa. Issa Shabani, mpakaji wa vanishi kutoka Soni, alichuchumaa mbele yake akanyoosha mikono.

"Alhamdulillahi! Mgosi, tumepona. Hii ndiyo. Ile nyingine mtupie Bwana Harupi akaoteshee maharage."

Ile nyingine ilikuwa mirija mirefu ya chuma, myeusi, minene kama mkono wa mtu. Ilipowashwa haikufanya kitu. Haikung'aa, haikulia. Walikaa mbele yake wakanywa chai, wakamaliza chai, na Nikodemo alipoigusa aliona uvuguvugu kama wa jiwe lililoshinda juani.

Nikodemo alikuwa mtoto wa mafiga. Kwa mama yake moto ulikuwa kitu unachokiona na kukisikia. Moshi wake unapanda darini kukausha mahindi, mwanga wake unakuonyesha nani amekaa wapi. Pafukapo moshi pana moto, ndivyo alivyolelewa. Sasa dude hili, lisilo moshi wala mwanga wala hata mlio wa kuni, lingeiweza wapi baridi ya Magamba? Akacheka kimoyomoyo.

"Tunafunga mirija," akasema.

"Una wazimu?" Issa alisimama. "Unaacha moto unachukua bomba?"

"Ile nyekundu itarushia maranda cheche. Umesahau karakana ya kwanza? Na vanishi yako hiyo, inavyopenda moto."

Alilisema kama kisingizio tu. Hakujua kwamba amesema neno la kweli kuliko yote aliyoyasema mwaka ule.

Fundi umeme aliyepanda na hita zile, Silvano wa Tanga, hakutia neno. "Mimi huunga waya, sichagui," alisema, akijipuliza vidole. "Amueni nishuke." Lakini kazi yake aliijua, na Nikodemo alimsaidia. Waliipanga mirija chini kufuata ukuta, nyuma ya meza za kazi, juu ya vyuma vya kuishikilia isiguse mbao. Waliifunika kwa waya wa banda la kuku ili maranda yasiangukie. Walivuta waya mnene peke yake kutoka kwenye mashine, wakaweka swichi yake karibu na mlango, na waya mwingine ukateremshwa hadi kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa nje kwenye udongo wa unyevu, umeme ukikosea njia ukimbilie huko. Silvano akatazama kuta.

"Hita hupasha chumba, haipashi mlima," akasema. "Na nyufa hizi?"

Hapa ndipo ninapomwonea hasira Nikodemo. Angeziacha! Alitaka hita ishindwe, na zile nyufa zilikuwa rafiki zake. Lakini mkono wa fundi una kiburi chake. Ukiambiwa kuna ufa, hauwezi kutulia. Silvano alipokwisha kushuka Mombo, Nikodemo alikata fito nyembamba za mti wa mkulo akaziba kila mwanya, akashindilia matambara chini ya dari, akaitengeneza milango upya ifunge sawasawa. Hata alipiga mluzi akifanya kazi hiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikichimba kwa mluzi.

Mirija ile iliwashwa ikaachwa. Siku ya kwanza hakuna aliyeona tofauti. Siku ya pili Issa alivua koti. Siku ya tatu Nikodemo alifungua mlango asubuhi, nje umande mweupe umelala kwenye majani, na alipoingia, joto lilimpokea usoni, joto la chumba kizima, kutoka sakafuni hadi darini. Mbao zenyewe zilikuwa na joto. Alileta gundi iliyopikwa nje, akachovya brashi, akaiinua, na gundi ikatiririka kama asali. Alisimama pale akiiangalia inavyodondoka, akajua mlango hautafungwa mwaka huu.

Bwana Harupi aliporudi alizunguka karakana akigusa kuta. "Akili!" akasema, akimpiga Nikodemo begani. "Ile nyekundu napasha miguu tu. Wewe nachagua kama injinia." Na kwa furaha yake akapokea kazi ya viti vya hoteli moja ya Wazungu, viti chungu nzima, vya kumalizika baridi ikiisha.

Nikodemo alingoja hadi mwisho wa Juni, akaenda kuomba ruhusa, kofia mkononi. Alieleza habari za baba na masale. Bwana Harupi alimsikiliza, hakuwa mtu mkali. Kisha akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Lakini wewe nakwenda nyumbani kwa sababu ya baridi. Sasa baridi iko wapi?"

Nikodemo aliikunja kofia, na Bwana Harupi akaendelea:

"Viti kwisha, wewe kwenda. Septemba. Baba nangoja."

Siku ile Issa aliambiwa siri yote. Alicheka kwanza, maana hakuweza kujizuia, halafu akaona macho ya mwenzake akaacha. "Basi mgosi, ikate waya. Au imwagie maji. Nani atajua?" Kweli, watu walipokwenda kula, Nikodemo alichukua koleo akapiga magoti mbele ya mirija. Aliushika waya. Aliona jinsi alivyoukaza vizuri, kila msumari sawa na mwenzake, na akajua kwamba ukikatika ataitwa yeye kuutengeneza, na ataweza. Alirudisha koleo mahali pake. Tangu siku ile kile chumba chenye joto kilimbana kifua. Alikuwa akitoka nje mara kwa mara, anasimama kwenye ukungu bila koti, na wenzake wakadhani anaumwa.

Julai ikiwa katikati, Jumamosi moja mchana, lori la mboga lilisimama barabarani, na akashushwa mzee mwenye fimbo na blanketi jekundu. Mzee Abrahamu alikuwa ameteremka Korogwe, akapanda treni hadi Mombo, akapanda lori hadi Lushoto, na njia nzima alikuwa akigombana na mtu.

"Shikamoo tate," Nikodemo alimkimbilia.

"Marahaba. Nimengoja nikachoka. Nikasema labda amekufa, niende nikamzike." Alikuwa akitetemeka mwili mzima. "Mmekaa kwenye barafu ya nani hii? Nipeleke kwenye moto."

Chumba cha Nikodemo kilikuwa na unyevu unaotiririka kutani. Tena viti sita vilikuwa vimetiwa gundi asubuhi ile, vimebanwa kwa klampu, na klampu zinatakiwa kukazwa kidogo kidogo gundi inavyovuta. Wenzake walikuwa wameshakwenda mjini. Akampeleka baba yake karakana, akamkalisha kwenye kiti cha hoteli kisicho na vanishi bado, karibu na mirija. Mzee alitafuta moto kwa macho yake hafifu, hakuuona. Taratibu mtetemo ukaacha. Akavua blanketi.

"Uko wapi moto wenyewe?"

"Ni yale machuma, tate."

Mzee aliyagusa, akatoa mkono upesi. "Ni moto mzuri," akasema hatimaye. "Sasa nimejua kwa nini huji nyumbani."

Maneno yale yalimchoma Nikodemo. Alitaka kueleza habari ya ile sahani ya shaba, na hila yake, na nyufa. Ungeanzia wapi? Alisema tu, "Nilitaka kuja, tate. Wallahi ya Mungu nilitaka," akala kiapo cha Issa bila kujua, yeye Mlutheri wa kuzaliwa.

"Najua ulitaka. Kornelio naye anataka." Mzee alishusha fimbo sakafuni. "Nimepanda peke yangu kuja kwa sababu kushuka bondeni kwangu siwezi tena, nimejaribu. Mguu umekataa. Basi sikiliza vizuri, ingawa si desturi. Lete hayo maunga ya mbao."

Nikodemo akasomba vumbi la msumeno akalimwaga sakafuni. Mzee, akiwa amekaa, akaanza kulichora kwa fimbo. Guu la meza ya randa likawa sale la kwanza, lililo mtoni. Sufuria ya gundi ikawa jiwe kubwa la kunolea. "Kutoka jiweni unapanda, mgongo kwenye maji, mpaka sale la pili, lenye pacha. Hapo unapinda kulia." Nikodemo alipiga magoti, anafuata kwa kidole, anayarudia maneno. Kwa mara ya kwanza tangu Juni kifua chake kilifunguka.

Nyuma yake kiti kikalia. Mlio mdogo, kama wa panya, ambao seremala huusikia hata usingizini: kiungo kinaachana, klampu imelegea.

"Ngoja kidogo, tate."

Aliruka akakaza klampu, akafuta gundi iliyochuruzika, akakagua na cha pembeni. Mzee hakungoja, kungoja hakukuwa tabia yake, tena hakuona kwamba mwanawe ameinuka. Aliendelea kuongea na vumbi. "Ndiyo, tate," Nikodemo aliitika akiwa ameinama kitini, "ndiyo." Aliporudi, fimbo ilikuwa imeshafika kwenye mirija ya hita.

"...na hapa ndipo mwisho, kwenye mgomba wa mama yako. Umeyashika?"

Angesema hapana. Neno dogo. Lakini mzee alikuwa ameegemea kiti, amechoka, uso umetulia kwa joto, anamtazama kwa namna ambayo hakupata kumtazama tangu utoto. Nikodemo akafikiri Septemba iko karibu, atamwuliza tena nyumbani.

"Nimeyashika, tate."

Jumapili mzee alirudi na lori. Jumatatu karakana ilifagiliwa kama kawaida, vumbi na mistari yake.

Habari za msiba zilikuja Agosti, viti vikiwa havijaisha. Bwana Harupi alitoa ruhusa palepale, na gari lake likampeleka Nikodemo hadi Soni. Walimzika mzee Abrahamu nyuma ya nyumba, mwinjilisti akasoma, watu wakaimba. Matanga yalipoondolewa, majirani walikusanyika mtoni, na mwenye umri kati yao akasema lile neno: "Haya, Nikodemo. Tutembeze."

Yudith alisimama pembeni, mikono kifuani. Kornelio alikuwa mbele, mpole, amevaa koti la kanisani.

Nikodemo alianza. Alilishika sale la mtoni mbele ya wote; akilini aliona guu la meza ya randa. Akaenda kwenye jiwe la kunolea, akaona sufuria ya gundi. Akapanda, mgongo kwenye maji, mpaka sale lenye pacha, akalishika, watu wakaguna kwa kuridhika. Akapinda kulia. Hapo akasimama.

Mbele yake palikuwa na masale mawili. Moja lilikuwa juu, karibu na kichaka. Jingine chini sana, na kati yake ulikuwa mteremko mzima wenye udongo mweusi, pale Yudith alipolimia viazi. Yote mawili yamestawi, yote yana majani marefu. Nikodemo alifumba macho alitafute lile vumbi la mbao, aone fimbo ya baba yake ilipita wapi. Alichokiona ni mkono wake mwenyewe ukikaza klampu. Alisikia sauti yake ikiitika, ndiyo, tate, ndiyo.

Upepo wa bondeni ulimpiga usoni, wa baridi. Watu walingoja.

"Baba alikwambia nini?" Yudith aliuliza kwa sauti ya chini, kwa Kishambaa.

"Sijui," Nikodemo akasema. Akalisema tena, safari hii wote wakasikia. "Hapa sijui."

Hakuna aliyemcheka. Kornelio alikohoa, akarekebisha koti lake. "Basi mimi najua," akasema kwa upole, akatangulia kuteremka kuelekea sale la chini, na mteremko wa viazi ukabaki upande wake. Na Nikodemo akamfuata nyuma, akiangalia anapoweka mguu, kama mgeni anayeonyeshwa njia.

Jumatatu iliyofuata alifika karakana kabla ya wenzake, akawasha swichi karibu na mlango, akakaa kwenye kiti cha hoteli ambacho hakijakwisha, akingoja chumba kipate joto.